Benjamin Franklin na Akiba ya Maneno

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 katika mji wa Boston, Marekani, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17. Kwa hiyo Benjamin alitolewa shuleni akiwa na umri wa miaka 10. Alipotimiza miaka 12 akatiwa katika kazi ya kupiga chapa kwa nduguye mkubwa, James.

Siku moja baba yake alizisoma barua alizokuwa akibishana na rafiki yake. Akamwambia kuwa hakosei herufi, lakini usemi wake hauna uzuri wala mpango. Kijana hakukasirika, bali aliazimu kujirekebisha.

Akanunua kitabu chenye insha za gazeti la Spectator la London. Alisoma insha, akaandika kwa ufupi maana ya kila sentensi, akaiweka kando siku kadhaa. Kisha, bila kutazama kitabu, aliiandika upya kwa maneno yake mwenyewe, akailinganisha na ile ya kwanza na kusahihisha makosa.

Hapo ndipo alipoutambua umaskini wake: akiba yake ya maneno ilikuwa ndogo. Basi akazigeuza hadithi kuwa mashairi, maana mtunga mashairi hana budi kutafuta maneno mengi yenye maana moja, marefu na mafupi, mpaka apate lifaalo kwa vina na mizani. Alipokwisha kuzisahau zile hadithi, aliyarudisha mashairi kuwa maneno ya kawaida. Kazi hiyo aliifanya usiku, na alfajiri kabla ya kwenda kazini. Aliacha hata kula nyama, na fedha iliyobaki akanunulia vitabu. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, aliandika barua kwa jina la mwanamke mjane, akaipenyeza usiku chini ya mlango wa nduguye, aliyekuwa na gazeti. James na rafiki zake wakaisifu, wakidhani mwandishi ni mmoja wa wenye elimu wa mji ule, kumbe ni yule mwanagenzi aliyekuwa akifanya kazi karibu nao.

Mwaka 1776 Franklin alikuwa mmoja wa watu watano waliochaguliwa kutayarisha Tangazo la Uhuru wa Marekani. Alikufa mwaka 1790, mwenye umri wa miaka 84. Shule aliiacha mapema, lakini kujifunza hakukuacha.