Barratt: Aliyegeuza salamu ya asubuhi kuwa tangazo la sabuni

JINA la Thomas James Barratt halitajwi sana siku hizi, lakini kila kampuni inayotunga kaulimbiu ya kuuzia bidhaa zake inafuata nyayo zake. Wengi humwita baba wa utangazaji wa kisasa.

Barratt alizaliwa jijini London mwaka wa 1841. Mnamo 1865 alimwoa Mary, bintiye Francis Pears, na kujiunga na kampuni ya ukoo huo, A. & F. Pears, iliyotengeneza sabuni angavu mithili ya kioo. Sabuni hiyo ilikuwa ghali, na wanunuzi wake walikuwa wachache wa tabaka la juu.

Kijana huyo alianza kumwaga pesa katika matangazo hadi mkwewe akahofia kufilisika. Mzee aliondoa pesa zake na kuwaachia usukani Barratt na Andrew, mwanawe mwenyewe. Hofu yake haikutimia. Baadaye kampuni ilitumia zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka kujitangaza, na sabuni ikafika hadi kwa watu wa kawaida.

Barratt hakuwa mgeni wa hila. Sheria ilikataza kuharibu sarafu za Malkia, lakini haikutaja za kigeni. Aliagiza kutoka Ufaransa maelfu ya sarafu zilizopokewa Uingereza kama peni, akazigonga jina la Pears na kuziachilia sokoni. Serikali ililazimika kuzinunua na kuziyeyusha.

Hata hivyo, silaha yake kali zaidi ilikuwa maneno. Alitambua kwamba watu husahau hoja ndefu, ila hawasahau sentensi fupi inayorudiwa. Basi alitwaa salamu ya asubuhi na kuiambatisha swali: je, umetumia sabuni ya Pears? Ilienea kote, na inasimuliwa kuwa waungwana walianza kuona haya kuamkiana wasije wakakumbushana sabuni.

Hapo ndipo lilipozuka suala zito. Je, salamu ni mali ya nani? Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1875 ilifungua daftari la kusajili nembo za biashara, lakini hakuna daftari lililoweza kuwanyima watu salamu yao. Barratt hakuhitaji kuimiliki. Ilimtosha kwamba kila aliyeisikia aliikumbuka bidhaa yake.

Kaulimbiu ikishazoeleka, dhihaka haikawii. Mwaka wa 1884 mchoraji Harry Furniss alichapisha katika jarida la Punch katuni ya mzururaji mchafu akiandika barua ya kuisifu sabuni hiyo: aliitumia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo hajatumia nyingine. Mwingine angekimbilia mahakamani. Barratt aliomba idhini ya wenye jarida, akaifanya katuni hiyo tangazo lake. Mzaha uliokusudiwa kumwaibisha ukamletea wateja.

Si wote waliocheka. Mwaka wa 1886 Sir John Everett Millais alimchora mjukuu wake, William James, akipuliza mapovu. Kampuni ilinunua picha hiyo pamoja na hakimiliki kwa pauni 2,200, kisha ikaongeza kipande cha sabuni. Wakosoaji walilalama kwamba sanaa imedhalilishwa, lakini haki ilikuwa imeshauzwa. Mtoto huyo alikua akawa admeri wa jeshi la wanamaji, ila lakabu ya Bubbles, yaani mapovu, ilimwandama hadi kifo chake mwaka wa 1973.

Barratt alifariki Aprili 1914 akiwa na umri wa miaka 72. Suala aliloliacha lingali hai. Sheria ya Kenya ya nembo za biashara inataja kaulimbiu miongoni mwa alama zinazoweza kusajiliwa, mradi itofautishe bidhaa za mwenyewe na za wengine. Kampuni ya Disney iliposajili Hakuna Matata nchini Marekani mwaka wa 2003 kwa ajili ya fulana, usajili huo haukumzuia Mswahili kutamka maneno ya lugha yake. Hata hivyo, habari hizo zilipoenea mwaka wa 2018, wengi walihisi wameporwa.

Maisha ya Barratt yanaonyesha mpaka ulipo. Mfanyabiashara anaweza kulinda alama iliyo juu ya bidhaa yake, lakini maneno yakishaingia vinywani mwa watu, wao ndio wataamua kuyasifu au kuyafanyia mzaha.