Keith Park

Keith Rodney Park (15 Juni 1892 – 6 Februari 1975) alikuwa rubani na afisa mwandamizi wa Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, mzaliwa wa Nyuzilandi. Anajulikana hasa kama kamanda wa ndege za kivita zilizolinda London na kusini-mashariki mwa Uingereza dhidi ya Ujerumani mwaka 1940, na baadaye kama mlinzi wa kisiwa cha Malta. Aliondolewa katika kazi ya kwanza wiki chache tu baada ya kuifanikisha, kutokana na ubishi juu ya namna ya kutumia ndege hizo.

Maisha ya awali

Park alizaliwa katika mji mdogo wa Thames, kwenye Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi. Baba yake, James Park, alikuwa mtaalamu wa jiolojia kutoka Uskoti aliyeongoza chuo cha madini mjini hapo, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Otago. Keith alisoma Auckland na Dunedin, kisha akaajiriwa na kampuni ya meli kama karani wa melini. Kwa sababu hiyo ndugu zake walimwita "Nahodha", na jina hilo halikumtoka hata alipokuwa mkuu katika jeshi la anga.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Vita ilipoanza alijiunga na kikosi cha mizinga, akatua Gallipoli mwaka 1915. Huko alipata uafisa, akahamia jeshi la Uingereza. Mwaka uliofuata alipelekwa Ufaransa katika mapigano ya Somme. Mnamo Oktoba 1916 kombora lililipuka karibu naye, likamwangusha pamoja na farasi wake. Madaktari waliamua kwamba hafai tena kupanda farasi. Kwa askari wa mizinga wa wakati ule huo ulikuwa mwisho wa kazi, kwa kuwa mizinga ilivutwa na farasi. Park aliomba kuingia katika kikosi cha urubani, akakubaliwa Desemba mwaka huohuo.

Mwaka 1917 alitumwa kwenye Kikosi namba 48 nchini Ufaransa, kilichotumia ndege aina ya Bristol zenye rubani mbele na mpiga bunduki nyuma. Alihesabiwa miongoni mwa marubani walioangusha ndege 5 au zaidi za adui, na yeye mwenyewe aliangushwa mara mbili. Aprili 1918 alikabidhiwa uongozi wa kikosi hicho akiwa na cheo cha meja. Alipewa Msalaba wa Kijeshi mara mbili, nishani ya urubani ya Uingereza, na nishani ya Ufaransa. Mwezi Novemba 1918 alimwoa Dorothy Parish.

Kati ya vita mbili

Alibaki jeshini. Alisoma chuo cha maafisa wa anga, akatumikia Misri, akaongoza vikosi na vituo vya ndege, akawafundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford urubani, na akawa mwambata wa anga katika ubalozi wa Uingereza mjini Buenos Aires. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa msaidizi mkuu wa Hugh Dowding, mkuu wa Kamandi ya Ndege za Kivita. Pamoja walikamilisha mfumo wa ulinzi uliounganisha rada, watazamaji wa ardhini, simu na vyumba vya kuongozea mapigano. Bila mfumo huo, ndege zingelazimika kuzunguka angani mchana kutwa zikimtafuta adui na kumaliza mafuta bure.

Mapigano ya mwaka 1940

Aprili 1940 Park alipewa Kanda namba 11, iliyohusika na London na pwani inayotazamana na Ufaransa. Makao yake yalikuwa Uxbridge, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Mwishoni mwa Mei vikosi vyake vilifunika angani uokoaji wa wanajeshi kutoka Dunkirk, naye aliruka mwenyewe juu ya ufuko huo kwa ndege ya Hurricane ili aone hali ilivyo. Aliendelea na desturi hiyo mwaka mzima: akiwa amevaa ovaroli nyeupe alitua kwenye viwanja vilivyopigwa mabomu na kuzungumza na marubani waliotoka vitani.

Tatizo lake lilikuwa muda. Ndege za Wajerumani zilivuka Mfereji wa Kiingereza kwa dakika chache tu, ilhali Hurricane ilihitaji takriban robo saa kutoka ardhini hadi kimo cha kupigania. Kwa hiyo Park alirusha vikosi kimoja kimoja au viwiliviwili, mara tu rada ilipoonyesha njia ya adui, ili vizivuruge ndege za mabomu kabla hazijafika. Hakurusha vyote kwa pamoja, kwa sababu vingekutwa ardhini vikijaza mafuta wimbi la pili litakapokuja. Aliwaagiza pia marubani wasiwafuate adui mbali baharini, kwani rubani aliyeruka kwa mwavuli juu ya nchi yake angeweza kurudi kazini, lakini aliyeanguka baharini mara nyingi alipotea.

Mwishoni mwa Agosti viwanja vyake, kama Biggin Hill na Kenley, vilipigwa vikali. Tarehe 7 Septemba Wajerumani waligeuza mashambulizi kuelekea London, na viwanja vikapata nafasi ya kutengenezwa. Jumapili ya tarehe 15 Septemba, Waziri Mkuu Winston Churchill alikuwa Uxbridge akitazama. Alipouliza kuhusu akiba, Park alimjibu kwamba hakuna: vikosi vyote vya kanda vilikuwa vimetumika. Siku hiyo ilitangazwa kuwa ndege 185 za adui ziliangushwa. Hesabu ya baada ya vita ilionyesha takriban 60, lakini zilitosha kuonyesha kwamba ulinzi haukuvunjika.

Ubishi na kuondolewa

Kaskazini mwa London, Kanda namba 12 iliongozwa na Trafford Leigh-Mallory. Yeye, akiungwa mkono na kamanda wa kikosi Douglas Bader, alitaka vikosi 3 hadi 5 vikusanyike kwanza angani ndipo vishambulie kwa pamoja. Park alilalamika kwamba alipoomba viwanja vyake vilindwe, makundi hayo makubwa yalichelewa kwa kuwa yalikuwa yakijipanga.

Kikao cha tarehe 17 Oktoba 1940 katika Wizara ya Anga kiliegemea upande wa Leigh-Mallory. Bader aliruhusiwa kuhudhuria na kutoa maoni yake. Hakuna kamanda wa kikosi kutoka upande wa Park aliyeitwa. Dowding aliondoka Novemba. Desemba Park alihamishiwa kwenye mafunzo ya marubani, na kiti chake akapewa Leigh-Mallory. Januari 1941 Leigh-Mallory alifanya zoezi la mezani kwa kutumia shambulio moja la Septemba, akiliongoza kwa mtindo wake mkubwa. Katika zoezi hilo viwanja vilipigwa mabomu ndege zake zikiwa bado ardhini.

Malta na Asia

Julai 1942 Park alipelekwa Malta, kisiwa kilichokuwa kimezingirwa. Mtangulizi wake, Hugh Lloyd, akiwa na ndege chache, alizifundisha kupanda kwanza upande wa kusini na kurudi adui akiwa tayari juu ya kisiwa. Park alikuta ndege nyingi zaidi aina ya Spitfire na rada bora, akaziagiza zipae haraka zielekee kaskazini, zikutane na ndege za mabomu juu ya bahari. Ndani ya wiki chache mashambulizi ya mchana juu ya kisiwa yalipungua sana, na jaribio kubwa la mwisho la Oktoba lilishindwa. Alipewa hadhi ya "Sir" mwaka huohuo. Mwaka 1943 Malta ilitumika kama kituo cha anga cha uvamizi wa Sisilia.

Mwaka 1944 aliongoza jeshi la anga la Mashariki ya Kati. Novemba mwaka huo Leigh-Mallory, aliyeteuliwa kuongoza majeshi ya anga ya washirika kusini-mashariki mwa Asia, alikufa katika ajali ya ndege kwenye milima ya Alpi akienda kuripoti. Nafasi hiyo alipewa Park, aliyeanza kazi Februari 1945. Huko Burma (leo Myanmar) jeshi la nchi kavu, likiwemo na askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki, lilitegemea chakula na risasi zilizoletwa kwa ndege.

Miaka ya mwisho

Alistaafu Desemba 1946 akiwa na cheo kilicho sawa na jenerali kamili wa nchi kavu, akarudi Nyuzilandi. Aliwakilisha kampuni ya ndege ya Hawker Siddeley, akapigania ujenzi wa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Auckland, na kuanzia 1962 hadi 1971 alikuwa diwani wa jiji hilo. Alifariki Auckland akiwa na miaka 82.

Katika filamu ya mwaka 1969 kuhusu mapigano ya 1940, nafasi yake iliigizwa na Trevor Howard. Garimoshi moja la Uingereza, namba 34053, lina jina lake. London ilichelewa zaidi: sanamu yake ya shaba katika Waterloo Place ilizinduliwa tarehe 15 Septemba 2010, miaka 70 kamili baada ya Jumapili ile ya Uxbridge.