Nesi wa Nachingwea

Wiki ya kwanza ya BTP pale Ruangwa nilitetemeka mpaka chaki ikanivunjikia mkononi. Fizikia naijua, shida ilikuwa yale macho ya watoto sitini. Mwalimu aliyenisimamia hata hakunipa pole, aliniongezea vipindi vya kidato cha tatu.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Nachingwea kupunguza mawazo. Mzee mmoja pale stendi, kusikia nasoma chuo, akaanza kunihadithia Samora. Kiukweli mimi Samora nilikuwa namjua kama mtaa wa Posta, Dar es Salaam. Niliporudi ndiyo nikamsoma.

Samora Machel alizaliwa 1933 Chilembene, kusini mwa Msumbiji. Shule ya misheni ilimfikisha madarasa ya msingi tu, akasomea uuguzi Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Wodini aliona manesi weusi wakilipwa pungufu ya wazungu kwa kazi ileile. Mwaka 1963 akatoroka kupitia Botswana mpaka Dar es Salaam, akajiunga na FRELIMO, akapelekwa Algeria kujifunza vita.

Kilichonigusa ni kilichofuata. Aliporudi, nesi huyu alikabidhiwa kufundisha wapiganaji, kwanza Kongwa, kisha Nachingwea, kulekule ambako Waingereza walishindwa na karanga zao. Vijana walikuja na makabila na lugha mbalimbali, wengine hawajui kusoma. Kambini walilima chakula chao, walisoma, walishika bunduki. Mwaka 1967 wakaja na wasichana kujifunza vita, na si wanaume wote waliofurahi.

Tayari Oktoba 1966 mkuu wa ulinzi, Filipe Magaia, alikuwa ameuawa, na Samora akapewa nafasi yake akiwa na miaka 33. Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kitabu likamuua rais wa chama, Eduardo Mondlane, msomi aliyewahi kufundisha chuo kikuu Marekani. Chama kilikuwa na mchungaji, kilikuwa na watu wa digrii, lakini Mei 1970 kiti kilikwenda kwa nesi. Aprili iliyofuata mkewe Josina, mmoja wa wale wasichana, akafariki na miaka 25. Vita haikumsubiri amalize msiba.

Wengi husifu hotuba zake. Mimi naona ujasiri ule ulitoka kwenye kazi zilizomfika kabla hajawa tayari, nyingi akiwa hapahapa kusini kwetu.

Tarehe 25 Juni 1975 alitangaza uhuru wa Msumbiji. Malaika hakuwa: serikali yake iliwapeleka watu kwenye makambi ya kuelimishwa upya, na wapo ambao hawakurudi. Ndege yake ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini, 19 Oktoba 1986.

Jumatatu nikaingia kidato cha tatu. Dakika kumi za mwanzo sauti bado ilikwaruza. Ijumaa yule mwalimu akaniongezea kidato cha nne.