Edward Teller: Baba wa bomu aliyefunga breki vinu vya nyuklia

Lau kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia wa megawati 1,000 kingejengwa katika wadi ya Sarang'ombe, mtaani Kibera, kanuni iliyopendekezwa na kamati ya wataalamu wa Marekani mwaka wa 1950 ingetaka eneo lote la umbali wa kilomita 28 kutoka hapo lisiwe na mkazi hata mmoja. Kawangware ingehamishwa, katikati ya jiji la Nairobi kungebaki mahame, nayo miji ya Ngong, Kikuyu na Kiambu ingefuata.

Hakuna aliyependekeza kujenga kinu Kibera. Hata hivyo, hesabu hiyo yaonyesha jinsi kamati hiyo ilivyokuwa kali. La kushangaza ni kwamba aliyeiongoza ni mtu ambaye dunia humkumbuka kwa jambo lililo mbali kabisa na usalama: Edward Teller, mwanafizikia aitwaye baba wa bomu la haidrojeni.

Teller alizaliwa Budapest, Hungaria, Januari 15, 1908, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka wa 1928, akiwa mwanafunzi mjini Munich, alikanyagwa na tramu na kupoteza mguu wake wa kulia kuanzia kwenye kifundo. Ulemavu huo haukumrudisha nyuma. Mwaka wa 1930 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Leipzig chini ya Werner Heisenberg. Adolf Hitler aliponyakua mamlaka mwaka wa 1933, Teller aliihama Ujerumani, na mwaka wa 1935 akahamia Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliounda bomu la atomiki huko Los Alamos.

Baada ya vita, Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilikabidhiwa kazi mbili zilizokinzana. Ilitakiwa kuharakisha ujenzi wa vinu, na papo hapo kuulinda umma dhidi ya hatari zake. Mwaka wa 1947 tume hiyo iliunda Kamati ya Usalama wa Vinu na kumteua Teller, aliyekuwa na umri wa miaka 39, awe mwenyekiti.

Wanachama wake hawakuwa wanafizikia pekee. Pamoja na John Wheeler, mwanafizikia mashuhuri, walikuwamo mwanakemia Joseph Kennedy, mtaalamu wa hali ya hewa Benjamin Holzman, na Abel Wolman, mhandisi aliyebobea katika maji safi na afya ya umma. Sababu ilikuwa wazi. Kinu kikipasuka, mionzi husafiri na upepo, huingia mitoni na kufika vinywani mwa watu. Anayejua kuunda kinu huenda asijue upepo wavuma kuelekea wapi.

Kamati haikuwa na mamlaka ya kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kushauri. Iliwataka wabunifu wa kila kinu waeleze ajali mbaya kuliko zote wanayoweza kuifikiria, kisha waonyeshe jinsi watakavyoizuia. Wahandisi wengi waliyachukia maswali hayo. Kamati ikabandikwa majina ya kejeli, likiwamo la idara ya breki, na Teller mwenyewe alikiri kwamba haikupendwa.

Ndipo ilipotoka kanuni ya mwaka wa 1950. Chukua nguvu ya joto ya kinu kwa kilowati, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya kwa 100. Jibu ni idadi ya maili zinazopaswa kukaa bila wakazi pande zote. Kinu cha umeme wa megawati 1,000 hutoa joto la takriban megawati 3,000, na jibu lake ni maili 17, yaani kilomita 28.

Ardhi ya kiasi hicho ilikuwa ghali mno karibu na miji. Wahandisi wa kampuni ya General Electric wakaja na suluhisho la kukifungia kinu chao cha West Milton, jimboni New York, ndani ya tufe kubwa la chuma ambalo lingezuia mionzi isitoroke. Kamati iliridhika. Ukuta wa kuzingira kinu, ambao leo ni jambo la kawaida, ulizaliwa kutokana na ukaidi wa washauri hao.

Mwaka wa 1953 kamati ya Teller iliunganishwa na nyingine iliyoshughulikia maeneo ya vinu, ikazaliwa Kamati ya Ushauri kuhusu Usalama wa Vinu chini ya Rogers McCullough. Mtihani wake mkubwa haukukawia. Kundi la kampuni za umeme lilitaka kujenga kinu cha Fermi huko Lagoona Beach, Michigan, kilomita zipatazo 50 kutoka jiji la Detroit. Juni 1956 kamati iliiarifu tume kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa kinu hicho kingeendeshwa mahali hapo bila kuhatarisha umma. Tume iliificha ripoti hiyo, na Agosti ikatoa kibali cha ujenzi.

Siri ilivuja. Seneta Clinton Anderson alikasirika, nacho chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, chini ya Walter Reuther, kikaenda mahakamani. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka wa 1961 iliunga mkono kibali. Lakini Bunge la Congress lilikuwa limekwisha kuchukua hatua. Sheria ya mwaka wa 1957 iliipa kamati msingi wa kisheria, ikailazimu kuchunguza maombi ya vinu vya umeme, na kuagiza ripoti zake ziwekwe wazi kwa umma. Oktoba 5, 1966, kipande cha chuma kilichong'oka kiliziba njia ya kupozea ndani ya kinu cha Fermi, na sehemu ya fueli ikayeyuka. Kwa bahati, hakuna aliyeumia.

Teller alikuwa ameshika njia nyingine. Marekani ililipua kifaa cha kwanza cha haidrojeni mwaka wa 1952. Mwaka wa 1954 alitoa ushahidi dhidi ya Robert Oppenheimer, aliyekuwa mkuu wake Los Alamos, na wenzake wengi hawakumsamehe. Mwaka wa 1958 aliupigia debe mpango wa kuchimba bandari Alaska kwa mabomu ya nyuklia. Wenyeji wa kijiji cha Point Hope walipinga, wanabiolojia wakaonya, na mwaka wa 1962 mpango ukawekwa kando. Mtu aliyewafunza wengine kujiuliza maswali magumu alihitaji watu wengine wamuulize yeye.

Mchango wake mmoja ulifika hata Afrika. Mwaka wa 1956, katika kampuni ya General Atomic, aliwataka wabunifu waunde kinu salama kiasi kwamba hata watoto wangeweza kuachiwa. Matokeo yake yalikuwa TRIGA, kinu cha utafiti ambacho fueli yake ikipata joto kupita kiasi hupunguza nguvu yenyewe. Mwaka wa 1959 kinu cha aina hiyo kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kikawa cha kwanza barani. Lakini fimbo mbili za fueli zilitoweka huko miaka ya 1970, na moja ikanaswa Italia mwaka wa 1998. Ubunifu bora haukuziba pengo la usimamizi.

Teller alifariki Septemba 9, 2003, huko Stanford, California, akiwa na umri wa miaka 95. Hadi mwisho aliitetea nishati ya nyuklia.

Nchini Kenya, sheria mbili za mwaka wa 2019 zilitenganisha kazi ambazo Marekani ilikuwa imezichanganya: shirika la NuPEA lilipewa jukumu la kuendeleza nyuklia, na mamlaka ya KNRA jukumu la kuidhibiti. Mwaka wa 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga kinu kilichopangwa kujengwa kwao. Kwao, na kwa mkazi wa Sarang'ombe anayengoja umeme wa uhakika, swali la mwaka wa 1956 ni lile lile. Wataalamu wakisema hawajaridhika, je, mwananchi ataisoma ripoti yao kabla ya kibali kutolewa, au ataisikia baada ya msingi kuchimbwa?