Mwalimu Aliyeshindwa Katika Mchezo Wake Mwenyewe

Michezo ya vyuo inapofika katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu, Chuka na Meru, kilio kimoja husikika kando ya viwanja vya mpira wa vikapu. Timu inalinda vyema, inakimbia, inatoka jasho, lakini haifungi. Mpira huzungushwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule kana kwamba una miiba, kisha mmoja hukata tamaa na kuurusha kutoka mbali, nao hugonga ubao na kuwaangukia wapinzani. Niliketi miongoni mwa mashabiki wa aina hiyo alasiri moja mjini Nyeri, baridi ikipenya hadi mifupani. Wanafunzi wa chuo kimoja walikuwa wakidai kwamba kocha wao, mwalimu aliyejitolea kuwafunza wachezaji baada ya vipindi vyake, aondolewe, timu ivunjwe, na fedha za basi wapewe wanakandanda. Hasira yao niliielewa. Hukumu yao ndiyo iliyonikumbusha maisha ya Daktari James Naismith.

Naismith ndiye aliyeubuni mchezo huu. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji wa Almonte, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada. Kabla hajatimiza miaka kumi, homa ya matumbo iliwaua baba na mama yake, naye akalelewa na mjomba wake. Aliacha shule akaenda kufanya kazi katika kambi za wakataji miti, kisha akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na baadaye akasomea uchungaji katika chuo cha Kipresbiteri, dhehebu ambalo wakazi wa Karatina wanalifahamu vyema kutokana na misheni ya Tumutumu.

Hata hivyo hakukimbilia mimbari. Aliamini kwamba kijana anaweza kufunzwa maadili uwanjani sawa na kanisani, akahamia chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani. Huko, mwishoni mwa mwaka 1891, alikabidhiwa darasa ambalo walimu wawili walikuwa wameshindwa kulitawala. Lilikuwa na wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya majira ya baridi. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya jengo. Alijaribu kuiingiza ndani michezo ya nje, ikaishia katika majeraha. Ndipo akakumbuka mchezo wa utotoni wa kuangusha kijiwe kilichowekwa juu ya mwamba. Mtoto aliyetupa jiwe lake kwa nguvu alikosa shabaha, kisha akalazimika kulifuata mbali. Aliyelirusha juu kwa upole, likashuka kama tone, ndiye aliyefanikiwa. Basi Naismith akaliweka lango juu ya vichwa vya wachezaji, ili nguvu zishindwe na ustadi. Mtunza jengo alimletea vikapu viwili vya matunda, vikapigiliwa kwenye roshani futi kumi kutoka sakafuni, na kanuni 13 zikabandikwa ukutani.

Sasa wasikilize wale wanaolalamika kwamba timu yao haifungi! Katika mchezo wa kwanza kabisa, wachezaji tisa kila upande, goli lilipatikana moja tu. Matokeo yalikuwa 1–0. Vikapu vilikuwa na vitako, hivyo mtu alilazimika kupanda na kuutoa mpira ulioingia. Ukame wa vikapu, kwa hiyo, mchezo huu ulizaliwa nao.

Nao mashabiki hawakukawia kuleta vituko vyao. Waliokaa roshanini walizoea kunyosha mikono na kuupangua mpira wa wapinzani ukielekea kikapuni, au kuusukuma ndani ule wa wenzao. Ubao uliwekwa nyuma ya kikapu ili kuwazuia. Kila mwanafunzi anayeulaani ubao kwa kuurudisha mpira wa timu yake ajue kwamba wenye lawama ni mashabiki wenziwe wa zama hizo.

Mwaka 1898, baada ya kuhitimu udaktari mjini Denver, Naismith aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas asimamie sala na mazoezi ya viungo. Timu ya mpira wa vikapu ilikuwa nyongeza tu. Ilicheza mchezo wake wa kwanza Februari 1899 dhidi ya YMCA ya Kansas City, ikashindwa 16–5. Fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyeubuni mchezo ameketi kando, na vijana wake wanaambulia alama tano! Aliiongoza timu hiyo hadi 1907, akashinda mara 55 na kushindwa mara 60. Makocha walioteuliwa kuiongoza Kansas baada yake wamekuwa wengi na wenye sifa. Mpaka leo ni yeye peke yake kati yao aliyeondoka akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi.

Sababu haikuwa ujinga. Naismith hakuamini kwamba mchezo huo ulihitaji kocha. Kwake ulikuwa wa kuchezwa, si wa kufundishwa mbinu, na alijali zaidi kama mchezaji alitii kanuni kuliko kama alifunga. Mwanafunzi wake Forrest Allen, aliyeirithi timu hiyo, aliona vingine. Allen aliandaa mipango ya mashambulizi, akairudiarudia mazoezini, na kufikia 1956 alikuwa ameipa Kansas ushindi mara 590. Katika hoja hii, naungana na Allen na wale vijana wa Nyeri. Kufunga hufundishwa, na mwalimu akishindwa kulifundisha ana haki ya kuambiwa.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mwaka 1933 alifika Kansas kijana mweusi, John McLendon, aliyetaka kuwa kocha. Ubaguzi wa rangi ulimnyima nafasi katika timu ya chuo. Mzee Naismith, aliyekuwa amepita umri wa miaka 70, alimchukua chini ya mbawa zake na kumwelekeza katika masomo. McLendon alijifunza kwake kwamba shambulio huanzia pale mpira unaponyakuliwa, popote uwanjani, si lazima karibu na kikapu cha adui. Juu ya msingi huo alijenga uchezaji wa kasi ambao timu nyingi ziliuiga baadaye. Machi 1944 timu yake ya chuo cha watu weusi huko North Carolina ilicheza kwa siri, milango ikiwa imefungwa, dhidi ya wanafunzi weupe wa udaktari wa Duke, na kuwashinda 88–44. Kutoka 1957 hadi 1959 alitwaa ubingwa wa taifa wa NAIA mara tatu mfululizo akiwa na Tennessee A&I. Kwa hiyo yule mzee ambaye timu yake haikujua kufunga alimlea mmojawapo wa magwiji wakubwa wa mashambulizi, kijana ambaye chuo chenyewe hakikumruhusu kuvaa jezi yake.

Mwaka 1936 mpira wa vikapu wa wanaume uliingizwa rasmi katika Olimpiki ya Berlin. Naismith hakuwa na nauli. Watazamaji kote Marekani walimchangia, senti moja kwa kila tiketi, harambee kamili ya wapenzi wa mchezo, naye akaenda. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo, mvua ikinyesha. Mpira haukudunda kwenye matope. Marekani iliilaza Kanada, nchi aliyozaliwa mzee huyo, 19–8. Walimu wetu wanaofunza vijana viwanjani wakati wa masika ya Aprili hawatahitaji kuelezwa jinsi alama hizo zilivyokuwa chache.

Alifariki mjini Lawrence, Kansas, tarehe 28 Novemba 1939. Ukumbi mkubwa ambamo timu ya chuo hicho huchezea, uliofunguliwa 1955, unaitwa kwa jina la Allen. Barabara inayopita mbele yake, ambayo mashabiki huifuata wakienda kushangilia na kulalamika, inaitwa Naismith.