Baden-Powell: Jenerali Aliyewakabidhi Watoto Kazi Yao

Mtaa wa Kabeza, jijini Kigali, uko jirani na Kanombe, penye kambi ya jeshi na uwanja wa ndege. Si haba watoto wanaopita hapo asubuhi na mikoba ya shule ambao baba au mama yao huvaa sare. Tangu mwaka 2016, shule za msingi za Rwanda zinafuata mtaala unaomtaka mtoto atende, aulize na ayapime mwenyewe maendeleo yake, badala ya kunakili ubaoni tu. Askari aliyelelewa kwa amri huenda akauona utaratibu huo kuwa ni ulegevu. Kwa hiyo inafaa tumtazame askari mwenzetu wa zamani, ambaye hakuna awezaye kumwita mlegevu, na ambaye aliamini jambo lilo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu, na mama yake ndiye aliyewalea. Katika shule ya Charterhouse hakung'ara darasani. Elimu aliyoipenda ilikuwa porini nyuma ya shule, ambako alitoroka kwenda kutega sungura, kufuata nyayo na kujificha walimu wasimwone. Oxford haikumpokea. Lakini mwaka 1876 alifanya mtihani wa kuingia jeshini, akawa wa pili miongoni mwa walioomba kikosi cha wapanda farasi, akapewa kamisheni moja kwa moja na kupelekwa India.

Huko aliona udhaifu wa mafunzo ya siku zile. Askari alijua gwaride kikamilifu, lakini akipotea peke yake usiku hakujua la kufanya, maana hakupata kuamua jambo lolote. Baden-Powell akawagawa watu wake katika vikundi vidogo, akawatuma mmoja mmoja au wawili wawili wapeleleze na kurudi na taarifa waliyoifikiri wenyewe. Mafunzo hayo akayaandika katika kijitabu kiitwacho Aids to Scouting, kilichotoka mwaka 1899.

Hapana budi kusema pia kwamba alikuwa askari wa ukoloni. Alishiriki safari ya vita dhidi ya Waashanti mwaka 1895. Mwaka 1896, katika kuwatiisha Wandebele, alimpeleka mtemi Uwini mbele ya mahakama ya kijeshi, na mtemi huyo akapigwa risasi. Uchunguzi uliofanywa na wakubwa zake ulimwondolea lawama, lakini wajukuu wa Wandebele hawalazimiki kukubaliana nao.

Jina lake lilienea duniani kwa ajili ya Mafeking, mji mdogo wa Afrika Kusini uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Askari walikuwa wachache, hivyo wavulana wa mji walikusanywa chini ya ofisa aliyeitwa Lord Edward Cecil, nao wakafanywa matarishi na walinzi wa kutazama mbali. Kiongozi wao, Warner Goodyear, alikuwa mtoto pia. Barua walizipeleka kwa baiskeli huku mizinga ikilia. Baden-Powell aliona kwamba mtoto akikabidhiwa kazi ya kweli, huinuka kufikia kimo cha kazi hiyo. Katika mji huohuo Waafrika wengi walikufa kwa njaa, kwa kuwa mgao wao haukulingana na wa Wazungu. Hayo nayo yamo katika hesabu yake.

Baada ya hapo aliunda jeshi la polisi la Afrika Kusini, kisha mwaka 1903 akarudi Uingereza kuwa Mkaguzi Mkuu wa vikosi vya farasi. Ndipo alipogundua kwamba kijitabu chake cha askari kilikuwa kikitumiwa na walimu. Charlotte Mason, mkufunzi wa walimu, alikuwa amekiingiza katika chuo chake cha Ambleside. Baden-Powell mwenyewe alipenda kusimulia jinsi Allenby, aliyekuja kuwa jenerali mashuhuri, alivyokuwa akirudi nyumbani juu ya farasi wake, mara mwanawe akamtangazia kutoka mtini kwamba amekwisha kuuawa. Na mwalimu wa mtoto alikuwa juu ya mti uleule! Mtoto yule, Michael, aliuawa kweli vitani mwaka 1917.

Agosti 1907 Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao ishirini mpaka kisiwa cha Brownsea. Wengine walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi. Aliwagawa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake mvulana, mwenye madaraka kamili. Jioni aliwasimulia jambo, asubuhi akawaonyesha namna ya kulitenda, halafu akakaa kando wao wakijaribu. Usiku kikundi kimoja kilikwenda kulinda peke yake, kikijipikia chakula chake. Kitabu chake cha skauti kilitoka mwaka 1908, na watoto wakaanza kuunda vikundi wenyewe hata kabla ya kupatikana watu wazima wa kuwasimamia. Mwaka 1916 alianzisha tawi la wadogo, wa umri wa shule ya msingi.

Ustadi wake ulikuwa katika namna ya kupima. Hakupanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto alichagua beji, akajifunza, na alipojiona yu tayari akaja mwenyewe kupimwa. Akishindwa, alirudi siku nyingine. Jitihada ilihesabiwa. Wazazi wenye sare hapa tuna la kujiuliza: mtoto anaposoma kwa kuwa sisi tumesimama mlangoni, atasoma nani siku tukiwa zamu?

Lakini imani hiyo ilikuwa na mpaka wa rangi. Huko Afrika Kusini watoto weusi waliwekwa katika chama chao mbali, hadi mwaka 1936 kikaunganishwa na cha skauti, bado kikiwa tawi la pekee.

Mwaka 1938 alihamia Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo iliyoelekea Mlima Kenya, akawa anachora wanyama. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa papo hapo. Majivu ya mkewe Olave yaliletwa baada ya kifo chake mwaka 1977. Juu ya jiwe la kaburi pamechongwa duara lenye nukta katikati, ishara ya njiani ambayo kila skauti mdogo huitambua: nimekwenda nyumbani.