Kapteni Owen, Aliyetupimia Bahari

Watu wa Changamwe hulitaja jina la Port Reitz kila siku, na ukiwauliza watakuelekeza hospitalini au uwanja wa ndege. Ni wachache wajuao kwamba Reitz alikuwa mtu, kijana aliyekuwa chini ya Kapteni William Fitzwilliam Owen. Napenda leo kumweleza huyo Owen, maana habari zake zimefungamana na zetu.

Owen alizaliwa Uingereza mwaka 1774. Aliachwa yatima angali mdogo, na mwaka 1788 akaingia jeshi la wanamaji. Baadaye Wafaransa walimteka wakamfunga kisiwani Mauritius. Alipoachiliwa akawa bingwa wa kupima maji, akayapima hata maziwa makuu ya Kanada.

Mwaka 1821 alitumwa kuipima pwani ya Afrika kwa manowari mbili, Leven na Barracouta. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mabaharia waliteremka mashuani wakatupa bildi, wakahesabu pima za maji, wakaangalia kama chini ni mchanga, tope au mwamba. Pwani walipima pembe toka rasi hata rasi, na kwa jua, nyota na saa wakajua mahali walipo. Walifika Sofala, bandari iliyosifika kale kwa dhahabu, lakini wao hazina yao ilikuwa kina cha maji. Homa ikawafyeka: zaidi ya nusu ya waliotoka Uingereza walikufa. Waliosalia walirudi kwao mwaka 1826 na ramani zipatazo 300.

Leven ilitia nanga Mombasa Februari 1824. Wamazrui walikuwa wamekwisha tweka bendera ya Kiingereza kwa kumhofu Seyyid Said wa Omani. Liwali Suleiman bin Ali akaomba ulinzi. Owen, aliyeichukia biashara ya watumwa kwa dhati, akakubali kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe. Lakini idhini ya serikali yake hakuwa nayo. Akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi, mwenyewe akaendelea na safari. Miezi 4 haikutimia, Reitz akafa kwa homa. Luteni Emery alishika nafasi yake mpaka 1826, London ilipoukana ulinzi ule na bendera ikashushwa. Mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji, na dola ya Wamazrui ikaisha.

Mimi simlaumu Owen kwa kuupinga utumwa. Katika hilo alikuwa na haki. Namlaumu kwa kutoa ahadi isiyokuwa yake kuitoa. Alijua kupima kina cha Kilindini, lakini neno la serikali yake hakulitupia bildi. Wamazrui walitaka ngao; kilichopatikana ni ramani, tena ikawa mikononi mwa wengine.

Owen alifariki Saint John, Kanada, mwaka 1857, akiwa na miaka 83. Jina la kijana wake lingali juu ya hori letu. Lakini Kipevu, Mwache na Mtongwe ni majina tuliyoyatia wenyewe, na wavuvi waliyajua maji hayo kabla ya bildi ya Owen. Kila jiwe na kila mkondo una jina lake vinywani mwa wazee. Vijana wetu na wakae nao wayaandike, kwani jina lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenye kulijua.